Maji ya Mwerebi

Tangu mwaka 2023 watu wa parokia yetu huniita Mwalimu wa Maji. Wengine hunisimamisha njiani, wengine hutuma watoto na chupa tupu. Nimechoka kueleza kwa mmoja mmoja. Basi naandika hapa habari yote: maji hayo hutengenezwaje, kazi yake ni nini, na shida gani niliileta mimi mwenyewe kwa kusema maneno mengi kuliko niliyoyajua.

Parokia yetu iko mlimani, juu ya ziwa Kivu, upande wa Bukavu. Karibu na kisima cha misioni umesimama mti mmoja mkubwa ambao matawi yake huinama mpaka chini. Mapadri wa zamani waliupanda, wakauita kwa Kifaransa "saule". Katika Biblia ya Kiswahili huitwa mwerebi. Watoto wa shule huuita mti wa nywele, na kwa kweli ukiutazama wakati wa upepo utaona jina lao ndilo zuri kuliko yote. Wataalamu huuita Salix babylonica, kwa sababu Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea mingi majina yake, alidhani ndio mti wa Zaburi ile ya watu wa Israeli waliotundika vinubi vyao kule Babeli. Kumbe asili ya mti huu ni China, na miti ya Babeli, wasema wataalamu wa leo, huenda ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Afrika nayo ina mwerebi wake, uotao kando ya mito toka Misri hata Afrika ya Kusini. Lakini sisi tunao huu wa kisimani, nao ndio wa habari yangu.

Mambo yalianza kwa waridi. Kwenye groto ya Bikira Maria palikuwa na mti wa waridi mwekundu, ulioletwa na Masista kabla mimi sijazaliwa. Mama yangu alichuma maua yake kwa mwezi wa Maria, nami nilichuma kwa mazishi yake. Mwaka 2023 mchwa waliingia katika mizizi. Kufika Pentekoste upande mmoja ulikuwa umekauka kama kuni. Akina mama wa Legio ya Maria wakanijia.

"Mwalimu, wewe unajua kupanda kahawa. Tuokolee waridi letu."

Nikakata vijiti kumi, nikavichomeka ardhini vile tunavyochomeka muhogo. Vyote kumi vikaoza. Nikakata vingine vinane. Saba vikakauka; cha nane kikatoa majani mawili mazuri ya kijani. Nilifurahi, nikawaita akina mama waje kuona. Baada ya siku chache majani yakalegea. Nikakivuta kijiti kile, nacho kikaja mkononi bila kuzuia hata kidogo. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Nilijifunza siku ile ya kuwa kijiti kinaweza kutoa majani kwa chakula kilichobaki ndani yake, kama mtu anayekula akiba bila kulima. Chakula kikiisha, majani hufa.

Padri mmoja mzee, aliyepata kutunza bustani ya seminari miaka mingi, alikuwa akikaa kwetu kupumzika. Alinikuta nimeinama mbele ya mikebe yangu mitupu.

"Unatafuta nini, Mwalimu?"

"Natafuta mizizi, Padri."

"Mizizi iko kisimani. Kila siku unapita chini yake."

Akanipeleka mpaka kwenye mwerebi, akavunja tawi moja, akalichomeka katika matope ya kando ya kisima. "Rudi baada ya wiki tatu," akasema. Nikarudi. Nikalivuta tawi, likakataa. Nikachimba kwa kidole nikaona mizizi meupe, mingi, kama ndevu za mahindi mabichi. Padri akanieleza kwamba mwerebi hubeba ndani ya gome lake mianzo midogo ya mizizi iliyolala, inayongoja maji tu. Ndiyo maana tawi lake likianguka mtoni huweza kuota mahali lilipokwama. Ila akanionya: nisije nikapanda mti huu karibu na mfereji wa saruji wala bomba, maana mizizi yake hufuata maji na kupasua kila kitu. Onyo hilo halikuwa la bure. Mabomba mawili ya misioni yalikwisha kuharibika hivyo.

Sasa nieleze utengenezaji. Chukua matawi machanga ya mwerebi, yale ya mwaka huu, yenye gome la kijani au la manjano, yasiyopita unene wa kalamu ya risasi. Ondoa majani yote, uyatupe kwenye mbolea. Vijiti uvikate vipande vifupi vya urefu wa kifundo cha kidole. Jaza navyo chombo nusu, kisha mimina maji yaliyochemka mpaka vifunikwe vizuri. Funika, uache usiku kucha na mchana wake. Maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu. Yachuje. Wengine hutumia maji baridi, nao hungoja siku kadhaa. Mimi napenda ya moto kwa sababu hayawahi kunuka. Mwenye friji ataweza kuyaweka kwa muda. Asiye nayo, kama mimi, atengeneze kidogo na kuyatumia mara, maana yakikaa huchacha.

Vijiti vya waridi navyo vina desturi yake. Kata tawi lililokwisha kutoa ua, lenye urefu wa sentimeta 15 au 20. Chini kata karibu kabisa na kifundo, kwa kisu kikali kilichooshwa. Majani ya chini ondoa, ya juu acha mawili. Tia ncha za chini katika maji ya mwerebi usiku mmoja. Asubuhi vichomeke katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo, viwe kivulini, vifunikwe kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Udongo uwe na unyevu, usiwe matope. Hapo usivute. Nasema tena: usivute! Mimi nimeua vijiti vingi kwa hamu ya kutazama.

Kwa nini tuache majani mawili? Hilo lilinisumbua, kwa maana wazee wetu huondoa yote. Nikasoma, nikakuta jibu lake limepita katika mikono ya Mbelgiji. Mwaka 1933 Raymond Bouillenne wa Liège, pamoja na Mholanzi Went, waliandika habari za majaribio yao kuhusu vijiti vinavyotoa mizizi. Walisema kuna kitu kinachotoka katika majani, kinashuka polepole ndani ya shina mpaka pale lilipokatwa, na hapo kinaamsha mizizi. Wakakiita rizokalini. Kitu hicho kimoja chenye jina hilo hakikupatikana kamwe, lakini njia waliyoionyesha ilikuwa njema. Miaka ile ile wataalamu walitambua auksini, ambazo ni kama watumwa wa habari ndani ya mmea, waambiao sehemu hii ikue, sehemu ile itoe mzizi. Mwaka 1935 Zimmerman na Wilcoxon, huko Marekani, walionyesha dawa moja ya namna hiyo, nayo ndiyo ile poda nyeupe inayouzwa mpaka leo kwa watunza bustani. Baadaye, mwaka 1970, mtaalamu aitwaye Kawase aliandika habari za maji yaliyotolewa katika mwerebi mweupe wa Ulaya: aliyajaribu kwa vijiti vya choroko, navyo vikatoa mizizi mingi zaidi. Choroko, wasomaji! Kitu tunachokula na wali.

Basi mwezi wa tisa, mvua za kwanza ziliponyesha, nilikata vijiti 24 kutoka upande wa waridi uliobaki hai. Padri mzee alinishauri nisivitie vyote katika maji ya mwerebi. "Ukivitia vyote na vikaota, utajuaje kilichoviotesha?" Nikatia 12 katika maji ya mwerebi na 12 katika maji ya kisima, udongo mmoja, kivuli kimoja, chupa za namna moja. Nikaandika alama kwenye mikebe kwa mkaa. Baada ya wiki saba nikahesabu. Vya mwerebi vilivyotoa mizizi vilikuwa 8. Vya kisima vilikuwa 5.

Nanyi mnaona. Maji ya kisima peke yake yalinipa vitano, wakati hapo nyuma kwa vijiti 18 sikupata hata kimoja. Kilichogeuka ni nini? Kisu kikali, mchanga, kivuli, chupa, na majani mawili. Mwerebi uliongeza vitatu juu yake, na kwa hesabu ndogo hivi vitatu vinaweza hata kuwa bahati. Nilijaribu tena kwa bugenvilia mwezi uliofuata, nikakuta hakuna tofauti.

Hayo nilipaswa kuwaambia watu. Lakini sikuwaambia hivyo.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya Misa, tulipanda miche minane kuzunguka groto. Ile mitano mingine niliiacha nyumbani, nyuma ya jiko, bila kuitaja. Watu walikuwa wengi, wakashangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Nikasimama juu ya jiwe nikaanza kueleza. Mwalimu akipewa watu wa kumsikiliza, hukaa kimya kwa shida. Nikasema maji ya mwerebi yameokoa waridi letu. Nikaona macho yananitazama, nikaongeza: "Tena msidharau mti huu! Aspirini mnayonunua dukani ilitoka katika mwerebi." Watu wakasema, "Aaa!" Nami nikashuka nikiwa na furaha.

Neno lile si la uwongo. Mwaka 1763 kasisi mmoja Mwanglikana wa Uingereza, Edward Stone, aliandikia chama cha wataalamu cha London barua juu ya gome la mwerebi. Alikuwa ameonja gome hilo akaona ni chungu sana, akakumbuka uchungu wa gome la kinkina. Kinkina sisi wa Kivu tunaijua, maana imelimwa katika milima yetu tangu wakati wa Wabelgiji, na ndimo inamotoka kwinini. Na wa kwanza kueneza gome lake katika Ulaya walikuwa Majesuiti, hata watu wakaliita poda ya Majesuiti. Basi Stone akawaza: uchungu ni mmoja, labda na dawa ni moja. Akakausha gome juu ya tanuri la mwoka mikate, akalisaga, akawapa wagonjwa wa homa kama hamsini, na wengi wakapata nafuu. Mwaka 1828 Buchner wa München alitoa katika gome hilo kitu chenyewe kilicho chungu, na mwaka 1897 Hoffmann, katika kiwanda cha Bayer, alitengeneza aspirini kwa asidi ya jamaa hiyo hiyo.

Lakini kinkina huua vijidudu vya malaria. Mwerebi hupunguza moto wa mwili tu, vijidudu huviacha vikiendelea na kazi yao. Uchungu ni mmoja, dawa si moja. Jambo hili nilikuwa nimelisoma. Juu ya jiwe sikulisema.

Mwezi wa pili wa mwaka 2024 mtoto mmoja alikuja kwangu na chupa. "Nyanya anaomba maji." Nikajaza bila kuuliza. Nilijua yule mama mzee ana maua mlangoni, nikadhani anataka kuyazidisha. Kumbe mjukuu wake mwingine, mtoto wa miaka minne, alikuwa na homa.

Akampa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Siku ya kwanza mwili ulipoa kidogo, naye akamshukuru Mungu, akanisifu na mimi kwa jirani. Siku ya pili homa ikarudi, akaongeza kipimo. Usiku wa siku ya tatu jirani alipiga hodi kwangu kwa nguvu.

"Mwalimu, amka. Dawa yako imeshindwa."

"Dawa gani?"

"Ile ya waridi."

Nilipofika mtoto alikuwa na degedege, macho yamegeuka. Tukampakia kwenye pikipiki kati ya kijana mwenye pikipiki na mimi, nyanya akafuata kwa miguu gizani. Barabara yetu mnaijua, na wakati wa mvua ni mbaya zaidi. Nilimshika yule mtoto kifuani, nikisikia moto wake ukipita katika shati langu, na katika kusali sikupata maneno ila Salamu Maria, nayo niliianza mara nyingi bila kuimaliza.

Muuguzi alichoma kidole, akatazama kipimo, akasema malaria, tena kali. Akamtundikia dawa. Nyanya alipofika, muuguzi akamwuliza amempa nini mtoto tangu aanze kuugua. Mama mzee akatoa chupa katika kitambaa chake.

"Maji ya Mwalimu."

Muuguzi akainusa, akanitazama. Nikamweleza yote, na aspirini pia. Hakupiga kelele. Alisema kwamba mtoto mwenye homa hapewi aspirini bila agizo la daktari, maana kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Ni nadra, lakini huua. Tena maji yaliyochemshwa nyumbani hakuna ajuaye yana nguvu kiasi gani, leo kidogo, kesho nyingi. "Lakini kilichotaka kumwua huyu ni zile siku tatu," akasema. "Angeletwa siku ya kwanza, angerudi nyumbani na vidonge."

Mtoto alikaa pale siku nne, akapona. Nililipa nusu ya gharama. Nyanya hakutaka nilipe yote, wala hakunishukuru kwa hiyo nusu.

Jumapili iliyofuata nilimwomba Padri paroko nafasi wakati wa matangazo. Sikupanda juu ya kitu chochote. Nikasema maji ya mwerebi ni ya mimea, si ya kunywa, mkubwa wala mdogo. Nikasema kijiti kimoja kati ya vitatu labda ndicho kinachotokana na mwerebi, mengine ni kisu na kivuli. Nikasema juu ya zile siku tatu, bila kutaja jina la mtu ila langu. Mzee mmoja akasimama katika benchi lake, jambo lisilo la kawaida kwetu kanisani:

"Mwalimu, juzi ulisema ni dawa. Leo unasema si dawa. Kesho utasema nini?"

Watu wakacheka. Nami nilikosa jibu, nikasema tu kwamba kesho akija nyumbani nitamwonyesha daftari langu la hesabu. Hakuja kesho yake. Alikuja baada ya mwezi, akalisoma polepole, akaniomba vijiti vya kuotesha kwa ajili ya ua wa hibisikasi. Ikawa ndivyo watu wengi walivyorudi, mmoja mmoja, bila kelele. Mama mmoja aliyeleta chupa yake ya mwerebi sakristia ibarikiwe pamoja na maji ya Epifania, Padri alimrudishia kwa upole, akamwambia atakuja kubariki bustani yake yote siku ya kubariki mbegu, nayo chupa aipeleke bustanini.

Siku hizi chupa zangu zina karatasi yenye maneno makubwa: YA MIMEA TU. Na kila mtoto anayetumwa kwangu namwuliza kwanza: nani anaugua kwenu? Wengine huona ni swali la ajabu kwa mtu aliyekuja kuomba maji ya maua. Mara mbili jibu limekuwa ndiyo, na mara mbili nimefuatana na mtoto mpaka kwao.

Nyanya yule hakuzungumza nami mpaka Pasaka. Jumatatu ya Pasaka alikuja na jembe begani, akasimama mbele ya mikebe nyuma ya jiko, ile mitano iliyokuwa bado haina mahali.

"Nasikia una waridi lisiloonja maji yako."

"Liko, Mama. Hii mitano yote ni ya kisima."

Akaitazama yote mitano, akaigusa majani, akachagua ule mdogo kuliko yote. Nikamwambia kuna mkubwa zaidi. Akasema anautaka huo. Tukaenda nao mpaka kwake, nikachimba shimo, yeye akaushika wima, na yule mjukuu akamwagilia kwa kopo.

"Maji ya wapi hayo?" nyanya akamwuliza.

"Ya kisima," mtoto akasema.

Umetoa maua mara mbili tangu siku ile. Mwezi wa Maria alileta manne groto, akayaweka upande wake, mbali kidogo na yale ya miche yangu minane.